Hiyo Siyo Rangi Aliyoitaka Mama Shija

Nianze na hasira, maana nikianza na salamu nitasahau nilichokuja kusema. Ninyi vijana mnaoshinda mmekalia ndoo zilizopinduliwa mbele ya maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Bariadi, brashi mfukoni na simu mkononi, niambieni: nani aliwafundisha kwamba mteja asiyeona vizuri anapakiwa rangi yoyote?

Maana ndivyo mlivyofanya. Mama Shija, mjane wa watu, aliwaita mumpakie sebule. Akaeleza rangi anayoitaka. Akatoa na mfano, kipande cha udongo chenye ukubwa wa yai la kuku, akakiweka mkononi mwenu. Mkamrudishia, mkapaka kitu kingine kabisa, na aliposema hiyo siyo, mkamjibu, "Bibi, ni yenyewe. Ni macho yako tu." Mtu ana mtoto wa jicho pande zote mbili, anasubiri kupelekwa Mwanza kufanyiwa upasuaji, na ninyi mnamwambia ni macho yako tu. Habari hiyo ilinikuta nakunywa uji. Sikuumaliza.

Mimi naitwa Maduhu. Nimepaka rangi zaidi ya miaka thelathini, kuanzia Maswa nilikojifunzia, hapa Bariadi ninakoishi, mpaka kule Nassa karibu na ziwa, ambako ukuta unaupaka asubuhi na jioni bado unateleza. Nimestaafu kwa sababu ya magoti. Mimi na ngazi tumeachana salama, hakuna anayemdai mwenzake neno. Lakini macho yangu yapo, na mdomo wangu upo, kwa hiyo leo mtanisikiliza.

Tuanze na rangi yenyewe. Mjukuu wa Mama Shija alipokiona kile kipande alisema, "Bibi, hii inaitwa dasti rozi." Yaani waridi lenye vumbi. Mimi nilipoambiwa nilicheka, kwa sababu huku kwetu ukiingia mwezi wa saba vumbi hatuliagizi, linakuja lenyewe na linakaa bila kukaribishwa. Ila jina tuliache. Ni pinki iliyotulia, ina ukungu ndani yake, unaitazama na haikurukii. Ni rangi ya heshima. Na ni rangi ngumu kuliko zote nilizowahi kupaka, kwa sababu ukikosea kidogo upande huu inakuwa pipi ya mtoto, na ukikosea kidogo upande ule inakuwa nyama iliyolala.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Salum, mtu wa Tabora aliyefika Maswa kupaka viwanda vya kuchambua pamba na asiondoke tena. Alikuwa mfupi, mkali, anavaa kofia ya viua ambayo katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona tone la rangi juu yake. Yule mzee alikuwa na msimamo mmoja: pinki hainunuliwi, inatengenezwa. Unachukua ndoo ya nyeupe. Unachukua oksaidi, ile nyekundu ya unga tunayotilia sakafu, unaikoroga kwenye kopo dogo na nyeupe kidogo mpaka vidonge vyote viishe, unaichuja kwa kitambaa. Halafu unaitia kwenye ndoo kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga ya ukweni. Ikishaanza kupendeza machoni, acha. Bado itapiga kelele. Ndipo unachovya kijiti kwenye nyeusi, kijiti siyo kijiko, unakoroga na kutazama tena.

Na huitazami ndani ya ndoo! Ndani ya ndoo kila rangi ni nzuri. Unapaka ukutani kipande cha upana wa sinia, unasubiri kikauke kabisa, kwa sababu rangi ya maji ikikauka inabadilika. Unakitazama asubuhi, unakitazama jua la utosi, unakitazama tena saa kumi jioni. Unatazama na sakafu pia. Nyumba zetu nyingi zina sakafu nyekundu, na jua likiingia mlangoni ule wekundu unapanda ukutani. Pinki iliyokuwa imetulia dukani, ukiiweka juu ya sakafu nyekundu, inaanza kuchekacheka ovyo. Hayo ninyi mnayajua? Mnapiga picha ya simu, mnampelekea mwenye duka, mashine yake ya kuchanganya rangi inatema, mnapaka, mnaondoka kabla ya saa sita.

Sisemi kwamba mimi sikukosea. Nimekosea mpaka watu wakanihurumia. Mwaka mmoja, wa pili wangu tu kazini, Fundi Salum aliniacha peke yangu nipake nyumba ya mkulima mmoja nje kidogo ya Maswa. Ilikuwa msimu wa kuvuna, na mnajua msimu huo pamba inalala ndani na watu wanalala nje. Chumba cha pili kilikuwa kimejaa pamba mpaka dirishani. Mimi kwa akili zangu nikapaka sebule rangi ya mafuta, ya bluu, inayong'aa, nikaacha milango yote wazi ili upepo ukaushe. Nikaenda kula ugali. Nilipoingia tena, ukuta ulikuwa umeota manyoya! Nyuzi za pamba zimetoka chumba cha pili zikanasa kwenye rangi mbichi, ukuta mzima laini, ungeweza kuulalia. Mwenye nyumba akaingia nyuma yangu, akaugusa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, ndiyo mtindo wa mjini siku hizi?"

Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, nilisema ndiyo. Kesho yake Fundi Salum alipofika alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akanipa msasa. Nilisugua ukuta ule siku tatu mpaka vidole vikatoka damu. Hakunipigia kelele. Siku ya tatu alimwita mwenye nyumba akamwambia mbele yangu, "Kijana amekudanganya, huu siyo mtindo, ni kosa letu, tunairudia kazi." Aibu ile bado ninayo. Na ninashukuru kwamba ninayo, kwa sababu nawatazama ninyi naona hakuna aliyewahi kuaibishwa vizuri.

Basi, baada ya kuuacha ule uji, nilikwenda kwa Mama Shija.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda sebuleni, kichwa amekifunga kanga, uso ameuelekeza mlangoni.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama asubuhi.

"Mwangaluka, bhabha. Nani huyo?"

"Maduhu. Fundi rangi."

"Karibu ndani uone walichonifanyia."

Nikaingia. Jamani, pinki ile! Pinki ya kuamsha mgonjwa. Halafu sakafu nyekundu inaichochea kutoka chini. Nilihisi nimeingia ndani ya soda. Na kazi yenyewe mbovu, pembe hazikufikiwa, swichi ya taa imepakwa pamoja na ukuta. Sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa na rangi ya mafuta ya zamani, na hawa mabwana hawakuisugua kwa msasa, wala praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, hawakupiga, wakamwaga rangi ya maji juu yake. Niligusa kwa ukucha tu, ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Uligunduaje kwamba siyo yenyewe, mayu?" nikamuuliza, maana kweli macho yake yalikuwa na ukungu mweupe.

Akanyanyuka, akaenda dirishani akipapasa, akatoa kile kipande kwenye pindo la kanga. Akakibandika ukutani penye mwanga, akasogeza jicho mpaka pua ikakaribia kugusa. "Siyaoni mambo ya mbali," alisema. "Lakini nikiviweka viwili pamoja hivi, naona kama ni ndugu au siyo ndugu. Hivi havijuani kabisa."

Niliondoka pale nikatembea moja kwa moja mpaka dukani. Dotto, fundi mkuu wa kazi ile, alikuwa hapo kwenye ndoo yake. Simsemi kwa siri, mwenyewe anajua na wenzake walikuwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwa Mama Shija umepaka nini?"

"Pinki."

"Pinki gani?"

"Mzee, pinki si pinki tu. Si alitaka pinki?"

"Alikupa kipande."

"Kile ni udongo, mzee. Sasa udongo nitauingizaje kwenye mashine?" Wenzake wakacheka. Akapata nguvu. "Halafu kuna ndoo ilibaki tulipopaka saluni karibu na stendi. Nzima kabisa. Nikaona isiharibike bure."

"Kwa hiyo sebule ya mtu ni mahali pa kumwagia mabaki."

"Mzee, usipaniki. Yule bibi haoni. Hata ningepaka krimu asingejua."

Vijana, nimeishi miaka mingi, nimetukanwa na matajiri, nimeanguka ngazini mara mbili. Hakuna neno lililowahi kunichoma kama lile. Nilimjibu vibaya, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa maana wajukuu zangu wanasoma. Nikachukua skrepa yake, kile kibati cha kukwangulia ukuta, kutoka mfukoni mwake, mbele ya wote, nikamwambia nitairudisha kazi ikiisha. Nikarudi kwa Mama Shija nikiwa nachemka, nikipanga hotuba njiani juu ya mafundi wasio na utu.

Nikaanza kukwangua ukuta. Ile pinki ikaanza kudondoka vipande vipande. Na chini yake ikatokea krimu, na chini karibu na sakafu kijani cha mafuta, na kati ya krimu na kijani mstari mwembamba wa kahawia, umenyooka kama uzi.

Mkono wangu ukasimama. Mstari ule niliujua. Fundi Salum ndiye aliyenifundisha kuupiga, alama kwanza kwa kamba iliyopakwa masizi. Ilikuwa kazi yangu, katika nyumba niliyokuwa nimeisahau kabisa.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa hasira inageuka inakuja kwangu. Nilikuwa fundi mpya hapa Bariadi, najiona sana. Mume wa Mama Shija, marehemu sasa, alikuwa amemaliza kujenga nyumba hiyo, akaniita. Mkewe alikuwa msichana tu, Shija yuko mgongoni. Akaja amefunga kitu kwenye pindo la kanga, akakifungua mbele yangu. Kilikuwa kile kile kipande. Akanieleza kwamba mama yake kule Ngulyati alikuwa anasiriba nyumba yake kwa udongo mwekundu wa mlimani, udongo mweupe wa mtoni na majivu, kila baada ya mavuno, na watu walikuwa wanapita njiani kuja kuitazama. Mama yake alikuwa amefariki, mvua za masika zimeiangusha nyumba, na yeye alikuta kipande hicho kimoja tu ambacho maji hayajakiyeyusha. "Fundi," aliniambia, "sebule nataka iwe hivi."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti. Nikasema, "Mama, watu wanatoka kwenye udongo kuja kwenye rangi, wewe unataka kurudi kwenye udongo?" Halafu nikamgeukia mumewe nikauliza lile swali letu sote, lile ambalo na ninyi mnaliuliza kila mkifika mlangoni: "Mwenye nyumba anasemaje?"

Marehemu hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Fundi ndiye anajua."

Na fundi akasema krimu, chini kijani. Fundi alikuwa mimi. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna tajiri wala mashine. Yule dada alikifunga kipande chake kwenye kanga akaenda jikoni. Nikapiga mstari wangu wa kahawia nikaupenda sana.

Nilinyanyuka pale nilipokuwa nimepiga magoti nikamwita. "Mayu, chini ya hii pinki kuna krimu."

"Najua."

"Ile krimu ni mimi."

"Najua, Maduhu. Uliposema jina lako mlangoni nilikujua. Mara ya kwanza ulicheka. Nilikuwa nasubiri nione kama utacheka tena."

Miaka yote hiyo tulikuwa tunapishana sokoni, ananisalimia, ananiuliza watoto. Neno hakusema. Nilijisikia mdogo kuliko Dotto, maana Dotto aliona bibi mwenye macho mabovu, lakini mimi nilimdharau mtu mwenye macho yake mazima, mbele ya mumewe, nyumbani kwake.

Wakati tunaongea simu ikalia. Alikuwa Shija mwenyewe, mtoto wake, yuko Mwanza kikazi. Mama Shija hawezi kuona vitufe kwa hiyo huweka sauti kubwa, na mimi nikasikia yote.

"Mama, hao mafundi wa nini tena? Waambie wapake krimu basi. Krimu ni rangi ya biashara. Siku moja tukitaka kupangisha, nani atachukua nyumba ya pinki?"

"Wapangaji wako watakuja nikiwa nimekufa, ng'wanone, mwanangu. Mimi bado nipo humu."

"Lakini mama, kwa macho hayo..."

"Shija. Wiki ijayo wananipasua. Daktari amesema yanaweza kurudi, na yanaweza yasirudi. Yakirudi nataka nikifika nyumbani nianze na ukuta wa mama yangu. Yasiporudi, nataka nijue uko pale. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama," Shija akasema.

Kwa hiyo nilikuwa na wiki moja, magoti mawili mabovu, na rangi ambayo sikuwahi kuipaka sawasawa. Nilisugua ukuta wote, kila kitu, pamoja na mstari wangu. Hapo niwaambie, rangi ya mafuta usiifunike bila kuikwaruza, hata kama mteja wako ni kipofu, hata kama mteja wako ni jiwe. Nikapiga praima. Halafu nikakata vipande vya mbao nyembamba za dari, ukubwa wa kitabu, nikaanza kuchanganya. Kila mchanganyiko nikapaka kipande kimoja, nikaandika namba nyuma kwa mkaa, kikikauka nampelekea dirishani. Yeye anaweka udongo wake juu, anasogeza jicho.

Cha kwanza: "Kimechangamka mno."

Cha pili, nikaongeza nyeusi: "Hiki kinaumwa."

Cha tatu nikaongeza njano kidogo. Akakishika muda mrefu, akakirudisha. "Hiki ni jirani. Bado siyo ndugu."

Cha nne na cha tano hata sitaki kuvisema. Nilikasirika, nikaanza kubishana naye, kama ninyi mnavyobishana na wateja. Nikamwambia hivyo ndivyo Fundi Salum alivyonifundisha, kijiti cha nyeusi, na Fundi Salum alikuwa mtaalamu.

"Huyo Salum alikuwa anasiriba nyumba?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi. Mama hakuwa anatia masizi, alikuwa anatia majivu. Masizi ni meusi, yanachafua. Majivu ni meupe yaliyochoka. Na hakuwa anayatia kwenye wekundu. Alikuwa anayakoroga kwanza na ule udongo mweupe, peke yake, kwenye chungu chake, mpaka yapoe. Wekundu unakuja mwisho."

Miaka yote hiyo kazini, halafu nafundishwa nimeshastaafu! Lakini nilifanya. Nilichukua kopo tupu, nikatengeneza kijivu kwanza, nyeupe nyingi, nyeusi kidogo na tone la njano ili kisiwe baridi. Kikawa kama majivu ya asubuhi. Hicho ndicho nilichotia kwenye ndoo ya nyeupe, na oksaidi nikaileta mwisho, kidogo kidogo. Nikapaka kipande cha sita. Kikauke, kisikauke, nilikuwa natembea uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Akakiweka dirishani. Akaweka udongo juu yake. Akasogeza jicho. Halafu akafanya kitu ambacho hakukifanya kwa vile vitano vya kwanza, akapapasa kwa kidole kutafuta udongo unaishia wapi na ubao unaanzia wapi.

"Paka," akasema.

Nilipaka mikono miwili, yaani ukuta mzima mara mbili, kwa siku mbili, milango imefungwa kwa sababu ya vumbi na kwa sababu pamba ya jirani ilikuwa imeanikwa uani, na mimi somo lile sijalisahau. Siku ya pili, nikiwa nasafisha brashi nje, Dotto akapita. Akachungulia. Akaingia, akatazama huku na huku, akasema, "Mzee, umetisha." Akatoa simu akapiga picha. Nikafikiri, alhamdulillahi, huyu kijana amejifunza kitu. Nikamrudishia na skrepa yake.

Jioni mjukuu wa Mama Shija ananionyesha: Dotto ameiweka picha ile kwenye status yake, na ameandika, "Kazi zetu. Karibuni wateja." Kazi zetu! Dotto, kama unasoma hapa, futa. Na kama hutafuta, basi rudi kwa Mama Shija umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba ulimwagia sebule yake mabaki ya saluni. Ukishasema hivyo, mimi mwenyewe nitakufundisha kile kijivu, bure, mpaka ukijue. Kabla ya hapo hapana.

Mama Shija akaenda Mwanza, Shija akampokea. Siku zile nilikuwa nafika pale nyumbani kila asubuhi kwa kisingizio cha kutazama kama rangi imekauka. Ilishakauka zamani. Ukweli nilikuwa na hofu. Yule mama alichagua kwa macho yenye ukungu, na akifunguliwa, kila kitu kitakuwa na rangi nyingine. Kama nimekosea, ataliona kosa langu vizuri kuliko lile la kwanza. Nilijifariji kwamba sikulinganisha na macho yake, nililinganisha na kile kipande, na vitu viwili vikifanana kwa jicho lenye ukungu vitafanana na kwa jicho safi. Lakini kujifariji ni kujifariji tu.

Alirudi na Shija, amevaa miwani nyeusi kubwa. Jicho la kulia limerudi vizuri. La kushoto bado wanaliangalia. Alikaa kwenye kigoda chake, akavua miwani, akatazama ukuta. Sakafu ile nyekundu, jua la saa kumi linaingia mlangoni, na ukuta umetulia, haucheki wala haununi. Shija akafungua mdomo aseme kitu, nikamkanyaga mguu.

Mama Shija alitazama mpaka mimi nikachoka kusimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, na daktari alikuwa amemkataza kulia. Halafu akafungua pindo la kanga, akatoa kile kipande cha udongo, akakigeuza geuza mkononi. Akanyanyuka, akaenda mpaka mlango wa uani, akakirusha kwenye lundo la majivu ya jikoni. Kikapasuka. Kuku wakakikimbilia wakidhani ni chakula.

Niliruka! "Mayu! Umefanya nini? Ile ilikuwa sampuli! Nitapata wapi nyingine?"

Akanitazama, na ndiyo mara ya kwanza baada ya miaka ananiona uso. "Maduhu, kumbe umezeeka hivyo," akasema. Halafu akanionyesha sebule yake kwa kidole. "Sampuli si ile pale ukutani?"